Bati Lililotoa Jasho

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mufindi ikiuma hadi kwenye meno. Niliingia katika karakana yangu ya useremala, ubavuni mwa nyumba yetu, nikakuta kabati nililoagizwa kwa bibi harusi mmoja limelowa kama limeopolewa mtoni. Na mvua haikunyesha.

Enzi hizo bati ndilo lilikuwa heshima. Mimi nami, kijana wa kutaka sifa, nikang'oa nyasi alizoezeka marehemu baba juu ya karakana, nikapiga bati jipya. Jirani yetu Bibi Semduda, msukaji wa majamvi ya matete, alinionya: "Mjukuu wangu, bati tupu ni ganda. Litie dari." Nikamcheka. Nikasema mambo ya nyasi na matete yamepitwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima, ila kabati!

Kila jioni nilikuwa nachemsha gundi humo ndani, nimejifungia kwa ajili ya baridi. Mvuke ulipanda, ukakutana na bati lililokuwa likipoa usiku kucha, ukarudi chini matone. Gundi haikushika, milango ikavimba, mbao zikaota mabaka. Na harusi ilikuwa Jumamosi, zimebaki siku nne!

Nikameza kiburi (hakina utamu, mwanangu) nikaenda kwa Bibi Semduda.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene. Limelia?"

"Nani, Bibi?"

"Bati lako."

Nikainamisha kichwa. "Limelia, Bibi. Limelilia kabati la watu."

Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akawaita wakamwana wake. Kabla jua halijatua, tulikuwa tumefunga majamvi chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na juu yake tumetandaza nyasi kavu, nene kama godoro. Juu ya ukuta akanitobolesha tundu la kutolea mvuke. Chungu cha gundi alikitoa nje mwenyewe: "Hiki kichemkie huku. Moto na nyasi si ndugu."

Kesho yake ndani palikuwa pakavu, tena pana joto la kumfaa mtu. Hata mchana, jua lilipochoma bati, nilipiga randa kwa raha. Nikaunda milango mipya. Jumamosi kabati likabebwa kwa vigelegele, Bibi Semduda akiwa mbele anacheza na kuuliza kila aliyepita, "Mnamjua fundi aliyenyeshewa ndani ya nyumba?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwapita.

Basi, mwanangu, kipya usikiogope. Bati lile sikulitoa. Lakini kabla hujang'oa cha zamani, waulize waliokitumia kilikuwa kinawafanyia nini. Kuuliza si ujinga. Na ukishakosea, kiri mapema, siku za kurekebisha zikiwa bado zipo, wala usimkasirikie anayekucheka huku anakusaidia.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na masikio yasiyochoka kusikia, uzeeke mpaka wajukuu waje kukuuliza, nawe uwe na la kuwajibu.