Mtalii kutoka Baraka

Miaka ile ya vita vya kwetu Kongo, nilikaa kwenye benchi la zahanati moja ya Kigoma karibu na mama mmoja wa mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, aliyetetemeka kwa malaria. Alikuwa amevuka ziwa na mumewe na watoto ili waione Ujiji.

"Wakimbizi mnatibiwa kambini," muuguzi alimwambia kwa upole.

Mama akanyoosha kitenge chake. "Mi si mukimbizi, dada. Tulikuya kutembea tu. Nikipona tunarudia kwetu."

"Kwenye vita?"

"Kwenye nyumba yetu."

Muuguzi akacheka, akamchoma sindano, akamuuliza Ujiji ameionaje.

"Iko muzuri," alijibu, meno yakigongana. "Lakini samaki ya kwetu iko mutamu zaidi."

Ziwa ni lile lile moja. Vita vilikuwa vimetunyang'anya mengi, ila mama yule hakukubali vimnyang'anye na likizo.