Dhamiri Nyuma ya Maboksi ya Glavu

"Dhamiri gani hiyo ya kujificha nyuma ya maboksi ya glavu?" Rehema alifoka, mwiko mkononi, uji wa Edith ukitokota jikoni. "Panya ndiye hujificha. Dhamiri husimama ikasema!"

"Si nilisema?" Milcah alijibu. "Nilimwambia metroni mimi sishiriki kutoa mimba, hata madaktari watano waweke saini. Akakubali."

"Akakubali, na wala hakuna aliyekucheka."

Hilo ndilo lililomuuma Milcah. Nesi huyu wa Kakamega, aliyekuja kufanya kazi katika hospitali ya Waarabu, alikuwa na msimamo mgumu kuliko muhogo wa juzi. Jana mama mmoja mwenye moyo mbovu alipangiwa kutolewa mimba isije ikamuua. Milcah alipokataa kuingia chumba cha upasuaji, metroni akampeleka kunakooshwa vyombo. Milcah akamshukuru Mungu kwa sauti iliyofika The Pearl, kisiwa cha matajiri ng'ambo ya mji, ikageuka na kurudi. Kisha wakamletea vyombo vilevile avitayarishe.

Kukataa mara mbili siku moja aliona haya. Akaviosha, akaviingiza kwenye mashine ya mvuke, akavifunga kwa vitambaa vya buluu. Lakini badala ya kuvipanga kabatini, akazisukuma seti zote nyuma ya maboksi ya glavu. Akaenda kula wali akijiona mtakatifu. Kidogo tu aote mbawa kwenye lifti.

Jambo moja halikumpitia kichwani: vyombo vya kutolea mimba ndivyo hivyohivyo vya kumsafishia kizazi aliyeharibikiwa na mimba.

"Na mimi, nesi mwenzako, usiku nimesimama na Edith meza ya upasuaji," Rehema alisema. "Mimba imetoka yenyewe, damu haikatiki, daktari Mmisri anaita seti mpaka masharubu yanasimama. Kabati tupu! Nikakimbia huko kwenu, nikazikuta nyuma ya glavu. Nilipoona lile fundo nikajua ni nani. Nani mwingine hufunga seti kama anafunga kuku wa Krismasi?"

Milcah hakucheka. Edith alikuwa jirani yao wa chumba cha pili. Habari ya mimba ile alimnong'oneza Milcah kabla hata ya mumewe, Dedan.

"Sikujua ni yeye."

"Na yule mwenye moyo, kwa kuwa si jirani yako, afe tu?"

"Sikusema afe!"

"Vyombo vilikusemea."

"Rehema, dadangu, hiyo kazi sitaifanya, leo wala kiama."

"Nani kakwambia uifanye? Kaa nje, kunywa chai yako ya karak, mwombee. Lakini usiondoke na ufunguo wa mlango, shoga. Edith anadhani seti zilipotezwa na Mhindi wa stoo, anamlaani, maskini, ambaye hajamkosea hata nzi. Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Hatanisemesha tena maishani."

"Pengine."

Milcah akachota uji, ukamwagikia vidole, hata hakusikia moto. "Nitamwambia. Akishakunywa."

"Kabla."

"Basi akifika nusu kikombe."

"Milcah!"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Edith aliingia taratibu, kanga kiunoni, uso umesawajika, Dedan nyuma yake na mfuko wa dawa. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Kelele zenu nimezisikia tangu dukani, bakala ya chini," alisema. "Milcah, uniambie nini?"

Rehema akazima jiko, akafunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu atoke Tanga.