Pembeni mwa Kitabu cha Mwalimu

Pembeni mwa kitabu cha Mwalimu hakuna anayesema kitu tena. Asubuhi, kabla ya kushika kazi za watu wengine, Rehnuma huifungua hati ile kwenye kompyuta, na upande wa kulia ni mweupe kama mchanga uliolambwa na maji. Kishale kinachopepesa ni chake peke yake.

Yeye ni mhariri wa kujiajiri mjini Khulna, katika chumba cha juu alichoachiwa na marehemu mama yake. Wateja humwekea maandishi mtandaoni, huacha maoni pembeni, yeye hurekebisha, nao huenda zao. Wengi hajawahi kusikia sauti zao. Mwalimu Mofakkhar alikuwa tofauti. Aliandika habari za Noluakathi, kijiji chake kilichomezwa na mto Padma hadi kaburi la mwisho, na alitaka kitabu kiwahi majira ya baridi, pale wanakijiji waliotawanyika hukutana kula mikate ya mchele na sukari guru.

Akawapa wote ruhusa ya kuingia katika hati. Lakini wote walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na nani atamsahihisha mwalimu wake usoni? Basi masahihisho yote yakapitia kwa Rehnuma.

“Dada mhariri, mwambie Mwalimu, kwa heshima zote, kisima kile kilikuwa chetu,” aliandika Kashem.

“Chenu?” akadakia Gofur. “Kisima chenu kilikuwa na vyura kuliko maji! Dada, usimsikilize huyu, hata shuleni alikuwa anaibia majibu.”

“Nilikuwa naibia kwako, ndiyo maana nikafeli.”

Mwalimu, ambaye muda wote alikuwa akiyasoma, akaandika chini yao: “Mwanangu, waambie wote wawili wamekosea. Na wewe, umeshakula wali?”

Rehnuma alicheka, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

Mvua zilipokatika, kitabu kilikuwa tayari, na Rehnuma alijua, lakini hakutaka pembeni panyamaze. Akauliza: msikiti ulitazamana na shule au na bwawa? Pembeni pakachangamka kama genge la chai. Ubishi ulipotulia, akauliza jingine, ambalo jibu lake lilikuwa tayari kwenye ukurasa uliotangulia. Mwalimu alijibu kila swali bila kuchoka, kwa herufi zilizozidi kuwa kubwa. Rehnuma aliziona zikikua, akadhani mzee anasisitiza.

Mkutano wa majira ya baridi ukapita bila kitabu.

Ndipo Shaheda, mkwe wa Mwalimu, akapiga simu. “Dada, samahani nakusumbua. Kitabu kimebakiza nini?”

“Maswali machache tu.”

“Macho yanamwishia Baba. Daktari anasema hakuna la kufanya. Anataka akisome mwenyewe, hata mara moja. Hayo maswali ni ya lazima kweli?”

Barabarani muuza samaki alikuwa akinadi. Rehnuma alimsikiliza mpaka akapita.

“Hapana,” akasema. “Hayakuwa ya lazima.”

“Basi yafunge, dada.”

Akayafunga moja moja. Kila alipobonyeza alama ya vema, mtu mmoja alitoweka: Kashem, Gofur, bibi mmoja wa Dhaka aliyedai mpapai wa kitabuni ulikuwa wake. Ya Mwalimu aliyaacha mwisho, kisha nayo akayafunga, na kitabu kikaenda kuchapishwa.

Kilipofika, Mwalimu alikipapasa, akakinusa, akakipeleka dirishani. Mistari ilikuwa weusi mtupu. Shaheda ndiye anayemsomea, kurasa chache baada ya chakula cha mchana. Alimweleza Rehnuma hayo kwa simu, akaongeza kwamba mzee hajui kwa nini kilichelewa, na kwamba yeye hatamwambia. Hajapiga tena.

Rehnuma bado yuko Khulna, katika chumba kile kile. Siku hizi anahariri ripoti za kampuni inayogandisha kamba na samaki, na meneja wake humwachia maoni ya neno moja: “Fupisha.”