Mtalaka wangu alivyotupikia pilau siku tuliyotaka mtendaji aone hana kitu (mkopo wa chuo wa binti yangu)

Wakuu, salamu kwenu nyote, na kina mama wenzangu mlioko humu mnaosoma kimyakimya.

Mimi ni msomaji tu. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu mkopo wa chuo wa binti yangu umetoka, na tangu juzi nacheka peke yangu jikoni hadi wateja wananiuliza kulikoni. Nitakayosema yamenikuta mimi mwenyewe. Atakayehisi nimetia chumvi, aje Makorora nimwoneshe barua.

Kwa msionijua: naishi Tanga mjini, nauza katlesi na bajia barazani kwangu. Binti yangu anaitwa Saumu.

Baba yake zamani alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli. Wa Tanga mnaelewa, mji mzima ulikuwa unapanda baiskeli, na sisi tulikula vizuri kwa minyororo na tairi. Saumu akasomeshwa shule ya kulipia, akavaa soksi nyeupe pee kama watoto wa mabosi.

Zikaja bodaboda. Duka likafa taratibu, na ndoa ikafuata nyuma yake. Sitaki kumsema. Tuliachana kwa heshima, hati ya talaka ninayo sandukuni. Yeye akaenda kuanza upya Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, akaoa.

(Kuhusu hilo la kuoa naomba msiniulize. Nililia zamani, nikamaliza.)

Sasa Saumu kafaulu kidato cha sita, kapata nafasi chuo kikuu, ualimu wa sayansi. Nilipiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje.

Furaha ikakatikia stesheneri. Kijana anayewajazia watu maombi ya mkopo akatuambia, "Mama, hapa binti anaonekana kasoma shule ya kulipia, baba mfanyabiashara. Ukituma hivi wataona mnajiweza."

Dawa yake, akasema, ni barua ya mtendaji wa kijiji anakoishi baba, yenye mhuri, kuthibitisha kwamba duka halipo tena na kipato kimeshuka. Na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku chache tu mbele.

Saumu akampigia baba yake simu. "Jumamosi tunakuja, mimi na mama, na mtendaji atapita nyumbani aone hali."

Hapo ndipo tulipoharibu. Katika yote aliyoambiwa, bwana yule alishika moja tu: mama Saumu anakuja kwangu.

Mnawajua wanaume wa huku kwetu. Mtalaka wako afike nyumbani kwako kwa mara ya kwanza, akukute umechoka? Bora kufa.

Nilifika Moa nimejiandaa kuona dhiki. Nikakuta busati jekundu, viti vya kochi, feni inazunguka, na harufu ya pilau iliyotupokea tangu njiani. Baba Saumu kavaa kanzu iliyopigwa pasi, koti juu, anatembea kwa madaha kama bwana harusi. Mkewe, Mwanahamisi, alikuwa kasimama mlangoni kajitanda kanga, ananitazama kwa macho ya kuomba radhi.

Mtendaji akaja. Kijana mstaarabu, ndiyo kwanza kahamia kijijini, akaniamkia shikamoo, akaketi.

Likashuka sinia. Kuku, kachumbari, juisi ya ukwaju. Kila nikimkonyeza baba Saumu aache, yeye anadhani namsifu, anamwongezea mtendaji paja.

Niseme ukweli, pilau ilikuwa tamu. Hasira zangu hazikunizuia kula.

Mtendaji alipomaliza kunawa akasema kwa upole, "Mama, mimi nitaandikaje kwamba mzee huyu hana? Mimi mwenyewe mara ya mwisho kula hivi ilikuwa Idi." Kalamu akairudisha mfukoni.

Nilitamani nimvue yule bwana kanzu pale pale. Lakini ningemsemaje ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe? Nikameza.

Aliyesema ni Saumu, wala hakupaza sauti.

"Haina neno, baba. Nitakaa nyumbani nimsaidie mama bajia."

Baba Saumu akamtazama mtoto, akalitazama sinia, akainuka akaingia ndani. Nikajua kakasirika, safari yetu imekwisha.

Akatoka amevaa ovaroli lenye grisi hadi kwenye kola. Mkono mmoja pampu, mkono wa pili beseni lenye viraka vya mpira. Akaviweka juu ya lile busati, mbele ya mtendaji.

"Bwana mtendaji, kazi yangu ndiyo hii. Naziba pancha za bodaboda pale njia panda. Viti hivi ni vya mwalimu. Feni ya jirani. Busati nalo si langu, sijui tutalisafishaje."

Mwanahamisi akadakia, "Na kuku ni wangu. Wa mayai."

Tulicheka wote, mtendaji hadi akafuta machozi. Baba Saumu peke yake hakucheka. Akasema, "Andika sina. Mtoto aende."

Mimi niliyeapa sitamlilia tena mtu yule, nikajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Barua ikaandikwa pale pale, tukaongozana hadi ofisini ikagongwa mhuri. Jumatatu asubuhi kijana wa stesheneri akaiingiza kwenye mfumo.

Kusubiri nako ni shughuli, wenye watoto mnajua. Simu ikilia unaruka. Juzi Saumu akaja barazani mbio, simu mkononi, anahema, ananionesha mkopo umetoka. Ada, chakula, malazi. Niliunguza karai zima la bajia na sikujuta hata moja. Wateja walikula zile nyeusi, wakanipongeza.

Jana tukaenda Moa kumuaga baba yake. Safari hii hakuna busati wala feni. Ni mkeka wake, chai ya rangi, mihogo ya nazi, na yeye ndani ya ovaroli lake. Mwanahamisi kanifungia mayai nije nayo mjini.

Tukiwa tunakunywa chai akaja dereva wa bodaboda, tairi limekwisha upepo, ana haraka ya abiria. Baba Saumu hata hakuinuka.

"Subiri kidogo," akamwambia. "Naongea na mwanachuo."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Hali ya nyumbani ikibadilika, andikeni ilivyo leo, msiandike ya enzi za duka. Na mzazi mwenzako mweleze mapema, wazi kabisa, mgeni anakuja kuona nini. Aibu tuliyokuwa tunaikimbia iliisha kabla sinia halijaoshwa.

Wenye watoto wanaoomba mwaka huu na mmeachana na wenzenu, ulizeni hapa, nitajibu nikishamaliza kuuza. Na nyie akina baba wa humu, semeni ukweli: ingekuwa nyie, ile kanzu mngeivua?

Mkipata pancha maeneo ya Moa, fundi yupo njia panda. Ila msimtajie pilau.