Marinda ya Shukriya

Katika mtaa wao wa Ibra hapakuwa na mwanamke aliyejua mavazi ya kupandia farasi kama Bi Ghaliya, ingawa yeye mwenyewe aliwaogopa farasi kufa. Huko Unguja mama yake alikuwa akienda shamba juu ya punda wa Maskati, amevaa suruali ya marinda, pana juu, imekazwa kifundoni, mikunjo tele chini, hata upepo uvume vipi mguu hauonekani. Bi Ghaliya alipoletwa Oman na mumewe akawakuta wanawake wa Ibra na sarawili zao, suruali zilizotariziwa kwa zari, nyuzi za dhahabu. Kisha ikaja abaya, joho refu jeusi, ambayo juu ya farasi hunasa kwenye kikuku cha kukanyagia. Mwisho zikaja hizi suruali za kunyumbuka za wasichana wa leo, ambazo alisema zinambana mtu hata siri za moyoni zikaonekana.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Yaqeen, mjukuu wake. Mwaka mzima alijizoeza kwa ajili ya mbio za farasi za Eid, na sasa baba yake, Zuhair, amekataa.

"Na suruali ile? Mbele ya watu? Wallahi hutoki," alisema Zuhair. "Pata nguo ya heshima, upande."

"Mimi nitamshonea," alidakia Bi Ghaliya. "Marinda. Ya kale ni dhahabu."

"Bibi, mimi napanda farasi, si punda!" Yaqeen alicheka, lakini alisimama apimwe.

Lisilosemwa nyumbani mle ni kwamba Bi Ghaliya alikuwa akisahau. Alitia chumvi kwenye chai, alimwita mwanawe Zuhair kwa jina la marehemu mumewe. Na kabla Zuhair hajazaliwa, aliwahi kuwa na binti, Shukriya, aliyemganda mama yake amshonee marinda ili baba ampandishe farasi siku ya Eid. Kitambaa kilikuwa kimeshakatwa homa ilipomshika mtoto. Eid ilimkuta kaburini. Tangu hapo Bi Ghaliya hakushona marinda tena, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Sasa alishona. Jumatano alikwenda soko la wanawake akagombana na muuzaji kwa ajili ya zari, akarudi amefurahi. Macho yalikuwa hayamfai kitu, lakini vidole vilikwenda vyenyewe, na yeye akiimba chini chini. Zuhair, mtu mzito wa kusifu, alipita akaona ile zari mapajani mwa mama yake, akasema, "Mashallah." Maskini Bi Ghaliya, alikuwa hajapata raha kama ile kwa miaka.

Siku ya Arafa, baada ya alasiri, Yaqeen aliingia kutoka bandani, ananuka majani makavu.

"Shikamoo bibi. Nguo yangu ishakuwa tayari? Farasi wangu keshaoshwa."

"Marahaba. Hiyo hapo, habibti. Ijaribu."

Yaqeen aliikunjua. Kazi ilikuwa safi, mshono haujapinda hata mahali pamoja. Akaisogeza kiunoni, na marinda yakamfika magotini. Ilikuwa suruali ya mtoto wa miaka minane.

Zuhair, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliitazama, akaelewa, akageuza uso ukutani. Yaqeen alikuwa ameshafungua kinywa kulalamika. Kesho ni Eid, na nguo nyingine hakuna. Lakini Bi Ghaliya alikuwa akimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, amejaa haya.

"Nimekuchelewesha, Shukriya," alisema. "Ushakuwa mkubwa."

Yaqeen alimtazama baba yake. Baba hakugeuka. Msichana aliikunja ile suruali taratibu, akaikumbatia kifuani, machozi yakimtoka.

"Si neno, mama," alisema.

Asubuhi ya Eid vishindo vya farasi vilisikika mpaka uani. Yaqeen alikuwa amekaa chini, amemlalia bibi yake mapajani, na Bi Ghaliya akimgusa paji la uso mara kwa mara, aone kama homa imeshuka.