Bendi Iliyopungukiwa na Mtu Mmoja

Wapo wanaonisikiliza mpaka mwisho, kisha wananiuliza kama siku hiyo nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa mzima, jua linawaka, na haya nitakayokwambia niliyaona kwa macho yangu. Mdogo wangu Shee yuko chumba cha nyuma. Ukitaka, nenda kamtazame.

Sisi asili yetu ni Wabajuni wa Kudha, kisiwa cha pwani ya Somalia, ila mimi na Shee tumezaliwa Mombasa, wazee wetu walipokimbia vita. Mama alitoka kisiwani na kanda moja ya bendi ya vijana wa kwao, Nyota ya Kudha. Magitaa ya umeme, ngoma, na mwimbaji ambaye, wallahi, sauti yake ilinisisimua mwili tangu ningali mtoto. Shee alijifunza gitaa kwa kusikiliza kanda hiyo tu. Tukimuuliza mama, "Hawa wako wapi tukawaone?" hujibu, "Wametawanyika. Nani ajuaye?"

Mwaka juzi mama akatutuma tukazuru kaburi la bibi. "Mwangalie mdogo wako," akaniambia. Tukafika Kismayo, na hapo tukachukuliwa na boti ya Bwana Famau, mtu wa makamo, mpaka Kudha. Tukazuru, tukasoma Yasini. Bwana Famau akabaki ufukweni akihangaika na mashini ya boti iliyokuwa ikizimika, nasi tukaenda kutazama magofu ya nyumba za zamani. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa.

Ndipo tukasikia gitaa.

"Dada," Shee akasema, "ule si wimbo wetu?"

Ungekuwa wewe usingekimbia? Tulikimbia kama watoto. Nyuma ya ukuta wa nyumba isiyo na paa walisimama wanaume wanne, suruali pana za zamani, mashati yamewaganda mwilini kwa maji. Nikadhani ni jasho. Gitaa la besi limeegemezwa ukutani, halina mtu. Nyaya za magitaa zilikuwa zinaburura mchangani, hazikuungwa popote. Jenereta haikuwepo. Yote hayo niliyaona. Nilijali? Hapo ndipo panaponiuma. Maisha yangu yote niliitamani bendi ile, na sasa iko mbele yangu, hatua kumi. Nilipiga makofi. Niliomba wimbo wa pili.

Mwimbaji akamtazama Shee. "Tumepungukiwa na mchu," akasema, kwa Kibajuni kilekile cha mama yangu. "Shee, shika besi."

Nani aliyemtajia jina lake?

Shee akanigeukia. "Dada, niende?"

Niamini, nilitaka kusema usiende. Kinywa hakikufunguka. Nilitaka kumshika shati, mkono ukabaki ubavuni kama si wangu. Akangoja kidogo, akautazama uso wangu, akadhani nimemruhusu. Akaenda.

Wakapiga. Sijapata kusikia muziki uliokamilika namna ile. Machozi yalinitoka, na sijui mpaka leo yalikuwa ya hofu au ya furaha. Vidole vya Shee vilikuwa vinatoka damu, naye anatabasamu.

Adhana ya Magharibi ilipoanza, sauti zote zikakatika. Hapakuwa na bendi. Shee alikuwa amesimama peke yake, vidole vinacheza hewani, amelowa chapachapa maji ya bahari.

Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. Bwana Famau alikuja mbio kwa mayowe yangu. Alipomwona Shee, akakaa chini mchangani.

"Walikuwa watano," akasema. "Siku ya kukimbia walipanda boti moja. Wanne walizama. Wa besi aliokolewa, yuko Ulaya. Nasikia wale waliozama wanamwita kila mwaka, naye anakataa kurudi."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuja kuzuru kaburi, mwanangu. Habari za bendi hamkuniuliza."

Sasa ni mwaka wa pili. Shee hasemi. Hula akilishwa. Kila Alasiri vidole vyake vinaanza kucheza na shati linalowa lenyewe; mama huliondoa, hulikamua, humvisha jingine. Tumekwenda kwa madaktari, tumekwenda kwa masheikh. Mara mbili tumemkuta njiani, miguu mitupu, ameelekea upande wa Lamu, njia ya kurudi Kudha. Siku hizi tunamfungia, na anayefunga mlango ni mimi. Mama hajanilaumu hata neno moja. Huniangalia tu.

Basi wewe, ukisikia muziki unaoupenda unatoka mahali pasipo na umeme wala watu, usiukimbilie. Na kama uko na mdogo wako, mshike mkono mapema, ungali mbali. Ukishafika karibu, mkono hauinuki.