Chai Iliyonywewa Nje ya Lango

Figo za binti yangu kitindamimba zimekufa, kwa hivyo kila Jumanne na Ijumaa husafishwa damu kwa mashine hospitalini, mjini Nyeri. Ijumaa ile tulitoka Giakanja mapema. Tulipofika, nesi alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie kwa mahindi.

"Maji yamekatika," akasema. "Mashine haifanyi kazi bila maji. Mrudi Jumatatu."

"Na hii sumu iko ndani yake, itangoja Jumatatu?"

Akaangalia viatu vyangu. Kisha akanivuta kando. "Shosho," akaniita, kama bibi yake, "anywe kikombe kimoja cha mtoto, asubuhi mpaka jioni. Ndizi asiguse. Wala avokado, wala supu ya mifupa. Moyo unaweza kusimama."

Jioni mtoto wa kaka yangu akapiga simu kutoka Amerika. Ugonjwa wao ni mmoja, yeye na binti yangu. Lakini yeye huko alipewa mashine yake mwenyewe, iko kando ya kitanda, inamsafisha akiwa amelala, na asubuhi anaenda kazi. Nikamwambia habari ya maji.

"Tata," akasema, maana mimi ni shangazi yake, "hapa mashine ikiharibika wananipigia wao, wanaomba msamaha, na siku hiyo hiyo natafutiwa mahali pengine."

Binti yangu akaninyang'anya simu. "Basi funga mrija mrefu kwa hiyo mashine yako, uufikishe hapa Giakanja."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa naangalia miguu yake. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, nikasikia wimbo langoni. Ni wanawake wa kikundi chetu cha kanisa. Majina yao yote ninayo kichwani, hata ya wajukuu wao, lakini siyaandiki hapa kwa sababu bado tunaketi benchi moja. Walikuwa wamesikia ati mashine imekataa, wakaja kumtia nguvu. Walikuwa na chupa za chai, supu, na mkungu wa ndizi kutoka Mukurweini, zimeiva vizuri kabisa.

Huku kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Na kile kimeletwa, lazima akionje mbele ya aliyekileta. Akikataa, ni kama amesema kimetiwa kitu.

Mwenyekiti wao akaketi kitandani. Huyo ni mama aliyenishika mkono siku niliyomzika mzee wangu, hakuuachilia mpaka udongo ukaisha. Akamenya ndizi.

"Kula, mwanangu. Umekauka kama mti wa kuegemeza maharagwe."

Binti yangu akaniangalia. Kisha akaanza kufungua mdomo. Haikuwa njaa. Ilikuwa heshima, na mimi ndiye niliyemlea hivyo.

Nikaipokonya ile ndizi na kuitia kinywani mwangu, karibu yote kwa mara moja.

"Ngai!" mwenyekiti akasema. "Kwani mgonjwa ni wewe?"

Nikameza kwa shida. "Hii ndizi ingemuua."

"Ati ndizi yangu?"

"Yako, yangu, ya mtu yeyote. Jana hakusafishwa. Kila kitu mnampa sasa kinabaki ndani mpaka Jumatatu, hata chai."

Mmoja akauliza polepole, "Na yule wenu wa Amerika, anakula nini?"

"Anaonja ndizi. Usiku mashine inaitoa."

Mwenyekiti akafunika mkungu kwa leso yake, akaomba maombi mafupi, wakaondoka. Wengine walinipa mkono. Yeye hakunipa.

Jumapili binti yangu hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea mito, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na gunia mgongoni. Nilikuwa nalowesha kitambaa na kumpangusa midomo. Kila aliponyamaza kidogo, niliweka mkono kifuani pake.

Jumatatu maji yalikuwa yamerudi. Lakini wa Ijumaa na wa Jumatatu tulikutana kwenye benchi moja, wagonjwa wengi na mashine chache, ikabidi kila mtu apunguziwe muda ili wote waingie. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tunaangalia tu mlango. Binti yangu aliitwa akiwa hawezi kusimama peke yake, na jioni, nyumbani, akalala chali.

Jumamosi iliyofuata sikusikia wimbo. Nilisikia vikombe vikigongana. Nikachungulia: wanawake wote wamesimama nje ya lango, kwenye baridi, wanamaliza chai yao haraka haraka, na mwenyekiti anakusanya vikombe kwa kikapu.

"Tumekunywa huku," akaniambia bila kunitazama, "tusije tukanywa mbele yake."

Kisha akanyoosha mkono, nikaushika.

Kutoka ndani sauti ikaita, "Nasikia harufu ya tangawizi! Wezi nyinyi!"

Wakaacha kikapu langoni, wakaingia wakicheka, mikono mitupu, na hawakujua waiweke wapi.